Anayetetemeka Apimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Kuna hukumu mbili ambazo watu wetu huzitoa upesi mno wamwonapo mwenzao anatetemeka, anatokwa na jasho la baridi, moyo wamwenda mbio na maneno yanamchanganyikia. Ya kwanza ni kwamba ana hofu tu, imani yake imelegea, na akimkumbuka Mola wake atatulia. Ya pili ni kwamba amepandisha, basi aitwe mtu wa kumsomea. Hukumu ya tatu, nayo ndiyo ambayo huenda ikamwokoa, huchelewa kuliko zote: kwamba damu ya mtu huyu imepungukiwa na sukari, na kwamba vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji vingemrudishia akili zake kabla huyo msomaji hajavaa viatu vyake.

Tumeamua kulizungumza jambo hili katika ukurasa huu kwa sababu wenye ugonjwa wa kisukari wamo katika safu zetu za sala, na mwezi wa Ramadhani huwajia na kuwaacha kila mwaka bila ya jambo hili kusemwa sawasawa. Wala si jambo la madaktari peke yao. Sukari humshuka mtu nyumbani, sokoni, ndani ya daladala, au katikati ya tarawehe, na hapo daktari hayupo. Aliyepo ni mkewe, mwanawe, kondakta, au jirani yake wa safu.

Kwa nini hali hizi mbili, ya hofu na ya kupungukiwa na sukari, hufanana hata mgonjwa mwenyewe asiweze kuzitenga? Jibu limo katika maumbile yetu. Ubongo hutumia sukari usiku na mchana, wala hauna akiba yake ya kutosha. Huitegemea ile inayopita katika damu saa hiyo hiyo. Sukari ya damu inaposhuka kufikia chini ya 3.9, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mwili hupiga mbiu. Kongosho hutoa homoni iitwayo glukagoni, na tezi zilizokaa juu ya figo hutoa adrenalini, ili ini lifungue ghala lake na kuimwaga sukari katika damu. Na adrenalini ndiyo hiyo hiyo itokayo mtu asikiapo mwizi anavunja mlango usiku wa manane. Huupigisha moyo kwa nguvu, huitetemesha mikono, hutoa jasho, na humtia mtu woga ambao haoni sababu yake. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika kuwa anaogopa na hajui anaogopa nini, hasemi uongo wala haigizi. Mbiu ni moja, nayo hupigwa kwa mambo mawili mbalimbali.

Mbiu hiyo isiposikilizwa, sukari huendelea kushuka, na ipitapo chini ya 3.0 ubongo wenyewe huanza kukosa chakula. Hapo mtu hubadilika. Mpole hugeuka mgomvi, mwenye haya hucheka ovyo, ulimi huwa mzito, macho huona ukungu, miguu huyumba. Hukataa kusaidiwa, hukataa hata kile kikombe kitakachomponya, kwa kuwa kiungo kinachopaswa kuamua ndicho kilicho na njaa. Akiachwa zaidi huanguka kwa mtukutiko kama mwenye kifafa, au huzimia. Hapa ndipo majini husingiziwa. Na wakati mwingine husingiziwa pombe: mzee ambaye hajapata kuitia kinywani tangu azaliwe huonekana akipepesuka barabarani, na watu hupita wakimnyooshea kidole, ilhali kilichomlewesha ni kukosa chakula cha mchana baada ya kumeza kidonge chake cha asubuhi.

Hatutaki kuingia hapa katika mjadala wa majini na kisomo. Anayetaka kumsomea mgonjwa wake Kurani na kumwombea dua amefanya jambo jema, na hakuna daktari mwenye busara atakayemzuia. Tunalolisema ni kwamba kisomo hakizuiwi na kikombe cha maji ya sukari, nacho kikombe hakiwezi kungoja mpaka kisomo kiishe. Kumfunga kamba mtu ambaye ubongo wake unakosa sukari, kumfukizia moshi, kumshikilia chini saa nzima, ni kumwacha aelekee kwenye mauti mbele ya macho ya wampendao.

Ni nani hasa wa kudhaniwa hivyo? Wa kwanza ni yule anayejidunga insulini. Wa pili ni yule anayemeza vidonge vya kisukari vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, kama vile glibenklamidi, glimepiride na gliklazidi. Glibenklamidi inafaa kutajwa peke yake, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee au mtu ambaye figo zake zimechoka huweza kuishusha sukari, ikapandishwa, kisha ikashuka tena baada ya saa kadhaa. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa namna hii aliyezidiwa hata akazinduka asiachwe alale nyumbani kwa furaha kwamba amepona. Apelekwe hospitali akaangaliwe. Anayemeza metfomini peke yake ni nadra kupatwa na mambo haya. Na katika nchi zetu tusimsahau mgonjwa wa malaria kali, hasa mtoto mdogo na mama mjamzito, ambaye malaria yenyewe huimaliza sukari yake, na kwinini ikitumika huweza kuishusha zaidi. Mtoto mwenye homa anayelegea na kushikwa na degedege apelekwe hospitali upesi, na huko apimwe sukari pamoja na vidudu vya malaria.

Sasa, mtu atatambuaje? Ishara zipo, ila hakuna hata moja inayotosha peke yake. Njaa kali ya ghafla, jasho jingi la baridi na kuchanganyikiwa huelekea zaidi upande wa sukari. Kuhema upesi upesi, ganzi ya vidole na pembezoni mwa mdomo, kifua kubana na kuhisi kwamba mauti yamefika huelekea zaidi upande wa hofu. Lakini tumekwisha kusema kwamba mbiu ni moja, na mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na maradhi yote mawili. Katika miaka ya 1930 daktari mpasuaji wa Marekani aitwaye Allen Whipple aliweka masharti matatu ambayo waganga wanayafuata hadi leo: ziwepo dalili, kipimo kionyeshe kwamba sukari imeshuka wakati huo huo wa dalili, na dalili ziondoke sukari ikipandishwa. Yakikosekana mojawapo, tusikimbilie kusema ni sukari.

Sharti la kati ndilo lenye kukata shauri. Wengi hutegemea lile la mwisho tu, wakasema, nilikunywa soda nikapata nafuu, basi ilikuwa sukari. Hoja hii haitoshi. Shambulio la hofu nalo hufika kileleni katika dakika kumi hivi, na mara nyingi hutulia lenyewe ndani ya nusu saa, soda iwepo isiwepo. Ndiyo sababu tone moja la damu katika kipimo kidogo cha mkononi lina thamani kuliko makisio ya ukoo mzima.

Hapa pana upande wa pili wa shilingi, nao si wa kupuuzwa. Nchini Marekani ulizuka wakati ambapo kila uchovu, kila huzuni na kila moyo uliokwenda mbio uliitwa upungufu wa sukari, hata katika mwaka 1973 vyama vitatu vikubwa vya madaktari wa huko vilitoa tamko la pamoja kwamba wengi wa waliojidhania hivyo hawakuwa na ugonjwa huo. Nasi tunao watu wa namna hiyo. Hana kisukari, hatumii dawa yoyote, amepimwa wakati wa kutetemeka kwake akaonekana yuko 5.2, na bado kila akihisi moyo unadunda hukimbilia kitu kitamu. Huyu anafunika hofu yake kwa sukari, na hofu haiondoki. Wasiwasi uliopita kiasi ni maradhi kama maradhi mengine, yana tiba ya mazungumzo na ya dawa, na mwenye nayo ana haki ya kutibiwa bila ya kuaibishwa. (Wapo pia ambao dawa yao ni kupunguza kahawa chungu ya barazani. Vikombe vitano juu ya tumbo tupu vitamtetemesha mtu yeyote.)

Ama kuhusu la kufanya, ni jepesi na linapaswa kujulikana na kila mtoto wa nyumba yenye mgonjwa. Kama kipimo kipo karibu, pima. Kama hakipo, na mtu anatumia insulini au vile vidonge tulivyovitaja, usikitafute, mpe sukari. Kikombe kimoja cha maji matamu hakitamdhuru sana hata ikibainika baadaye kwamba sukari yake ilikuwa juu, ilhali kuchelewa huweza kumuua. Apewe gramu 15 hadi 20 za sukari iingiayo haraka: vijiko vya chai vitatu au vinne vilivyokorogwa katika maji, au kijiko kikubwa cha asali, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Tende tatu hufaa pia kama anaweza kutafuna, ijapokuwa maji ya sukari huwahi zaidi. Chokoleti na maandazi havifai kwa wakati huo, kwani mafuta yaliyomo huichelewesha sukari tumboni. Kisha ngojeni dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Akishazinduka sawasawa ale chakula cha kukaa, kama uji, mkate au ndizi, ili asishuke tena.

Subira ya hizo dakika 15 ndiyo ngumu, maana hofu haiondoki mara moja hata sukari ikishapanda. Mgonjwa huendelea kutetemeka, naye na watu wake hudhani kwamba bado, wakamjaza soda juu ya soda, na jioni wanamkuta yuko 18. Kipimo kikionyesha 6 na mikono bado inatetemeka, hiyo ni adrenalini inayomalizikia; akae, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, na watu wampishe hewa.

Aliyezimia, au asiyeweza kumeza, asitiwe kitu kinywani. Tunalirudia kwa kuwa huruma ndiyo inayowaponza watu hapa: maji ya sukari huingia katika mapafu na kumpalia. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali kwa chombo cha kwanza kupatikana, na wanaompeleka waseme mlangoni kwamba anatumia dawa za kisukari. Huko atatiwa sukari kwa mshipa. Familia iliyopewa sindano ya glukagoni na kufundishwa kuitumia, aidungwe papo hapo.

Tuje katika Ramadhani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, ukiwahusisha wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15. Tunaiheshimu ari hiyo. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba matukio mazito ya kushuka sukari katika mwezi wa kufunga yaliongezeka mara 7.5 kwa wagonjwa hao, na mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Nyuma ya tarakimu hizo wamo watu walioona dalili saa kumi na moja jioni wakasema, imebaki saa moja na nusu tu, sitaiharibu saumu yangu.

Twauliza: ni nani aliyewafundisha kwamba kufanya hivyo ni uchamungu? Mwenyezi Mungu, katika aya zile zile alizofaradhisha saumu ndani ya Sura ya Pili, amemruhusu mgonjwa afungue na kulipa siku nyingine, na ameeleza kwamba anawatakia waja wake wepesi. Na katika mapokeo ya Abu Dawud kuna kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba haoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu kwa ukali, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, na akaonyesha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Kila mmoja wetu anayemwambia mgonjwa "vumilia kidogo tu" na akisome kisa hicho.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani, umeweka mpaka ulio wazi. Sukari ikishuka chini ya 3.9, fungua hapo hapo, iwe saa nne asubuhi au dakika tano kabla ya magharibi. Ikipanda juu ya 16.6, fungua pia. Na dalili zikija, fungua hata kama hujapata kipimo. Mwongozo huo unaeleza pia kwamba kujichoma kidole na kupima hakuvunji saumu, jambo ambalo bado watu wetu wanalitilia shaka, wakashinda mchana kutwa bila ya kupima kwa kuichunga saumu ambayo kipimo hakiigusi. Aliyezidiwa na sukari ya chini katika miezi mitatu kabla ya Ramadhani, au asiyezihisi tena dalili zake, ni katika wale wanaoshauriwa wasifunge kabisa. Wengine wamwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, maana huenda dawa ya asubuhi ikahamishiwa wakati wa futari na ya daku ikapunguzwa. Mtu asijipangie mwenyewe.

Tumesema juu ya wasiozihisi dalili. Mtu anayeshukiwa na sukari mara kwa mara, mwili wake huzoea, na ile mbiu huacha kupigwa. Hutoka katika uzima akaingia katika kuchanganyikiwa bila ya onyo. Habari njema ni kwamba akikaa wiki kadhaa bila ya kushukiwa, mara nyingi onyo hurejea. Aidha zipo dawa zinazoifunika mbiu hiyo, kama propranololi, ambayo baadhi hupewa kwa ajili ya shinikizo la damu, na wengine kwa ajili ya huo huo wasiwasi. Huzuia mtetemeko na mapigo ya moyo, lakini jasho hubaki. Anayemeza dawa hiyo pamoja na insulini ajue kwamba jasho la ghafla ndilo onyo lake.

Limebaki jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo linalofichwa zaidi, nalo ni hofu inayobaki baada ya tukio. Mtu aliyepata kuzimia mbele ya watu msikitini, akazinduka kichwa chake kikiwa mapajani mwa mgeni na kanzu yake imelowa, hasahau. Wengine huacha kuja sala ya jamaa. Wengine hula kila saa. Wengine, na hawa ndio wengi kuliko tunavyodhani, huipunguza insulini kwa siri ili sukari ikae juu, 14 au 15, mahali wanapopaona kuwa ni salama. Daktari huuliza, wao husema wanajidunga kama walivyoelekezwa. Hofu hii inajulikana kwa waganga; tangu mwaka 1987 kuna dodoso maalumu lililotungwa kwa kuipima. Gharama yake haionekani mwaka huo. Huonekana baadaye katika macho, katika figo na katika kidonda cha mguu kisichopona. Nyumbani nako yuko mke ambaye halali, anamgusa mumewe paji la uso kila saa kuona kama ana jasho, na asubuhi wote wawili wamechoka na kugombana.

Kumwambia mtu huyo asiogope hakumsaidii, kwani aliloliogopa lilimtokea kweli. Kinachomsaidia ni kumwambia daktari wake wazi kwamba anaogopa, ili dozi ipangwe upya. Kupima kabla ya kulala, na akiwa chini ya kiwango alichopewa ale kitu. Kuweka sukari karibu na kitanda na nyingine katika mfuko wa kanzu. Na kumwambia mtu mmoja wa safu yake, mmoja tu kama anaona haya, ugonjwa alio nao na la kufanya. Na kila atetemekapo aandike saa, alichokula na namba aliyoisoma. Baada ya mwezi mmoja karatasi hiyo itamwonyesha, yeye na daktari wake, ni mara ngapi ilikuwa sukari na ni mara ngapi ilikuwa hofu ya sukari. Hizo za pili zina matibabu yake.

Kwa kamati za misikiti tunalo ombi moja. Tumeona mazulia mapya yakinunuliwa kwa michango ya wiki mbili, na hatulalamiki juu ya mazulia. Kabla ya Ramadhani ijayo, katika ofisi ya kila msikiti kiwekwe kisanduku chenye pakiti ya sukari, kikombe, kijiko, kipimo cha sukari na vijiti vyake, na imamu atangaze Ijumaa mbili mfululizo mahali kilipo na ufunguo uko kwa nani. Upande wa akina mama wawe na chao, wasilazimike kumtuma mtoto azunguke msikiti mzima. Vijiti vya kupimia vina tarehe ya mwisho na huharibiwa na joto na unyevu, basi visiwekwe dirishani. Achaguliwe kijana mmoja wa kukikagua kila mwezi. Na sukari itiwe katika kopo lenye kifuniko cha kubana, kwa sababu ya sisimizi.